Siku Tuliyovunja Jungu Kisiwani

Dada yangu mpenzi,

Salamu za nyumba nzima nitakupa ukifika, kwani leo nina jambo la kukuambia kwanza. Barua yako nimeipata. Wasema shemeji amepata kazi Kilindini na mtahama Pemba mrudi huku, ila nyumba ya Baba hapa Kuze hutaikanyaga. Nimelia, kisha nikajikasirikia, maana aliyekufungia mlango huo ni mimi.

Wakumbuka ile siku ya kuvunja jungu, mwisho wa Shaaban, wakati wa vita? Shangazi alishikilia twende mandari kwenye kile kisiwa cha mchanga, kisicho mtu wala mti, ambacho maji makubwa hukimeza chote. Mjomba akatupeleka kwa mtumbwi wa kuazima. Fundi cherehani yule, bahari aijulie wapi! Akaniuliza, "Binti mwalimu, leo mwezi ngapi?" Nami, kwa kuwa Baba ndiye aliyeuhesabia mtaa mzima miezi, nikajibu kwa maringo, "Ishirini na nane." Kumbe ni ishirini na saba. Nawe wajua maji kila siku huchelewa kidogo kuliko jana. Kwa siku moja niliyoizidisha, mjomba akadhani ana wasaa wa kutosha, akarudi zake mjini kuswali adhuhuri.

Tulikula, tukaokota makombe, ukanicheka nilivyorukaruka juu ya mchanga wa moto. Mara Shangazi akauliza, "Mbona mkeka umelowa?" Lahaula! Kisiwa kilikuwa kimebaki ukubwa wa chumba. Mjomba alipotufikia maji yalikuwa kifuani, mimi niko mgongoni mwako, na Shangazi kajitwika sufuria akipiga kelele, "Pilau yangu haizami!" Hadi leo nikikumbuka hucheka peke yangu jikoni.

Nyumbani hakuna aliyecheka. Baba aliuliza, "Nani aliyehesabu mwezi?" Nikanyamaza. Wewe ukasema, "Ni mimi, Baba." Akakutazama, akasema, "Asiyejua mwezi hafundishi katika chuo changu." Wale wasichana wadogo uliokuwa ukiwasomesha Kurani ukumbini wakaondolewa mikononi mwako siku ile ile, na mwaka haukwisha ukaozwa Pemba. Nilijua hukuwa na kitu ukipendacho kuliko chuo kile. Hata hivyo sikusema. Kwanza niliogopa bakora, dada, kisha nikaogopa aibu, na aibu ikawa mbaya zaidi.

Jana nimemwambia. Macho ya Baba sasa yamepungua, juzuu huishika kwa mazoea tu, na wasichana walikwisha kurudishwa makwao kwa kukosa wa kuwasomesha. Nikakaa mbele yake nikasema, "Baba, aliyekosea hesabu ni mimi. Dada alinifichia." Akaweka chini kikombe chake cha chai. Nikadhani atanifukuza. Kisha akasema polepole, "Nami sikumwuliza mara ya pili." Dada, sijapata kumsikia Baba akijilaumu tangu nizaliwe.

Leo asubuhi ameshika fimbo yake, akakataa kuongozwa, akapita Kuze mlango kwa mlango. Nilimfuata nyuma nyuma nisije nikaonekana. Kila nyumba alisema maneno yale yale: "Leteni wasichana. Mwalimu wao anarudi."

Niandikapo haya wako ukumbini kumi na mmoja, wamekwisha kaa, na Baba amekataa kuwaanzisha.

Mdogo wako uliyembeba mgongoni