Kiti cha Dirishani

Mtaa wa Fahadan,
Yazd.
14 Aban

Mpendwa kaka Naser,

Basi simu ikakatika, na mimi mdomo bado wazi! Nilikuwa nimefika pale Mwalimu Vafai anapokataa kukaa. Lakini ngoja kwanza nikusalimie kama mtu mwenye adabu. Hujambo? Mgongo umepoa? Baridi ya Hamburg imeshaanza? Mimi mzima, sina hata mkwaruzo.

Mwalimu Vafai ni yule yule wa hesabu, aliyekuwa akikuchapa viganja kwa rula. Sasa ana miaka sabini na nane, alikuwa anakwenda Mashhad kuzuru kaburi la Imamu, kama mimi. Ndani ya ndege kiti changu kilikuwa cha dirishani, chake kinafuata. Nikamwambia, si unatujua sisi, "Tafadhali Mwalimu, kaa wewe dirishani." Akasema, "Haiwezekani, bibi." Nikamwambia tena, akakataa tena. Naser, mimi lile dirisha nalitaka! Nilisema tu, kama watu wanavyosema. Mara ya tatu nikaapa kwa roho ya marehemu mama.

Jirani yangu Sedighe, kiti cha nyuma, akacheka: "Kubali, Mwalimu, la sivyo huyu ataongea mpaka Mashhad!"

Akakaa.

Ndege ikaruka, tukamsalia Mtume wote kwa sauti, kama kawaida. Hatujafika mara ya tatu, puu! Kama mtungi wa gesi umepasuka chini ya kitanda. Kioo kikavunjika, upepo ukaingia. Mwalimu akaniegemea begani, nikadhani kasinzia. Kumbe damu. Kipande cha chuma kimetoka kwenye injini kikampiga kichwani.

Nikambana kichwa kwa pindo la baibui, nikaanza kumpa habari za mtaa, mkwe wa Sedighe, bei ya njugu za pista, kila kitu. Niliongea ili asilale. Sedighe akapiga kelele, "Effat, nyamaza, watu wanatubu!" Sikunyamaza.

Rubani akasema kwenye spika, sauti kama mtu anaagiza mkate: "Injini ya kulia tumeizima. Ya kushoto inatosha. Tunarudi Yazd. Fungeni mikanda." Tukazunguka polepole, polepole mno, tukashuka.

Baadaye alikuja ukumbini kule uwanja wa ndege, mtu wa kitambi, shati limelowa jasho mgongoni. Mzee mmoja akamuuliza, "Kapteni, mbona ulichelewa kugeuza? Ulikuwa unakunywa chai?" Akajibu, "Baba, ukishtuka unaweza kuzima injini nzima ukaacha mbovu. Kwanza ndege ipande. Halafu tunaulizana mara mbili ni ipi. Ndipo tunazima." Watu wakambusu mabega. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafuni.

Hiyo ilikuwa Jumanne, leo Ijumaa. Naser, sijalia. Najua inatakiwa, na Sedighe ananitazama kama anangoja. Chai naweka vipande vitatu vya sukari, sioni utamu. Baibui nimelifua, nimelianika, nimelivaa tena. Mdomo unafanya kazi peke yake, unavyoujua, lakini mimi mwenyewe sijui niko wapi.

Mwalimu yuko hospitali, hajafumbua macho. Binti yake, Mahrokh, alikuja jana na sahani ya halua, akanishika mikono: "Shangazi Effat, Mungu akulipe, hukukiachia kichwa cha baba." Halafu akasema, "Ila nashangaa. Tiketi yake haikuwa ya dirishani. Alihamaje?"

Nikamwambia anywe chai.

Halua ipo hapa mezani. Nimeifunika. Wewe umesoma, Naser, niambie: nikisema "tafadhali" na moyoni nataka akatae, nimempa kiti au nimempa chuma? Nimeamua nitamwambia Mahrokh mwenyewe, akija tu.

Msalimie wifi Parvin, mwambie lozi zake zipo. Mbusu mtoto Kaveh mashavu yote mawili. Mungu akushike mkono huko ugenini na akurudishe...

Ngoja. Kuna mtu anagonga kwa nguvu. Nimechungulia, ni Mahrokh, gari linanguruma uchochoroni. "Shangazi! Toka, upesi!" Nimemuuliza ni heri? Keshageuka kurudi garini. Kavaa nyeusi, lakini huku nani havai nyeusi. Nakwenda. Nitamwambia humo humo garini, kabla hajasema lake.

Dada yako akupendaye,
Effat