Slaidi Tupu Niliyoiandika Bila Kuifanya

Mpendwa Shangazi, wenzangu wameenda kula, nimebaki maabara peke yangu na friji zinanguruma taratibu, na badala ya kula nakuandikia wewe, maana nisipomwambia mtu leo nitapasuka.

Mimi ni fundi wa maabara, kazi yangu ni kutia seli rangi, na nieleze kidogo ili unielewe: tunalea seli za binadamu kwenye visahani, tunazibembeleza kwa joto na chakula mpaka zinaanza kugeuka moyo, na kuna protini moja ambayo kwa mtoto aliye tumboni huamka siku chache tu, ikaziambia seli nyinyi mtakuwa moyo, kisha ikanyamaza, na hiyo ndiyo tunayoitafuta. Haionekani kwa macho, kwa hiyo tunadondosha kingamwili kutoka kwenye kichupa kidogo kuliko kidole changu, na kazi ya kingamwili hiyo ni kwenda kuishika protini ile na si nyingine, halafu tunapitisha rangi nyuma yake, na pale iliposhika panageuka kahawia.

Shangazi, nikwambieje nilivyoona siku ile? Ilikuwa asubuhi, mvua inanyesha polepole dirishani, nikainama kwenye hadubini na kahawia ilikuwa imetanda kila mahali, laini, kama chai ya maziwa iliyomwagika kwenye kitambaa cheupe, nikasahau shingo inauma, nikasahau simu, nikawa kama natembea humo ndani kutoka seli hadi seli na kila nyumba ina taa na kila nyumba kuna mtu ndio kwanza anaamka. Machozi yalinitoka, sikuoni haya wewe. Nikamwita mkuu wetu, tunamwita Mama Kioo kwa sababu maisha yake yote yako juu ya vipande vya kioo, miaka tisa anaitafuta protini hii, akatazama, akanishika mkono. "Mwanangu, ndiyo hii?" Nikasema, "Ndiyo hii, Mama."

Sasa sikia. Kila ukitia rangi lazima uwe na slaidi tupu, yaani unaifanyia kila kitu sawasawa isipokuwa kingamwili huiweki, ili ikibaki nyeupe ujue kahawia ya wenzake ni ya kweli. Siku ile zilibaki slaidi mbili tu, nikatamani ya pili nayo ipendeze, nikaziwekea kingamwili zote mbili. Kisha jioni nikafungua daftari, pale pa slaidi tupu pakawa panaitazama kalamu yangu, nikaandika: safi. Neno moja tu, Shangazi.

Wiki tatu baadaye nikaifanya ile slaidi tupu kimyakimya, nitulize moyo, na ikatoka kahawia! Hakuna kingamwili hata tone, na kahawia imetanda vilevile. Ndipo nikakumbuka kwamba seli zenyewe zina nguvu ya kuiwasha ile rangi, na kuna dawa ya kuizima kabla hujaanza, na mara zote mbili sikuiweka, mara ya kwanza nilikuwa nasikiliza mvua na mara ya pili nilifuata hatua zilezile nilizokuwa nimeziandika daftarini. Kwa hiyo sijui kama protini ipo ama nilikuwa natembea kwenye mji wa hewa.

Mama Kioo ameipiga picha slaidi ile ya kwanza, akaichapisha kwenye karatasi, anatembea nayo kwenye mkoba, juzi nimemkuta anamwonyesha fundi cherehani wake, "Hebu ona, moyo unaanzia hapa." Kaka Pipeti wa meza ya pili ameacha jaribio lake la mwaka mzima ili afuate letu. Alhamisi ijayo Mama Kioo anasimama mbele ya wageni kutoka maabara nyingine kuonyesha picha hiyo. Na kila siku chache ananiuliza, "Slaidi tupu ilikuwa safi, eti?" nami najibu, "Safi, Mama," yeye anasahau siku hizi, ni umri. Mume wangu nilipomwambia akasema, "Rangi si ipo? Sasa unalia nini?" akarudi kwenye mpira wake.

Nikwambie na hili, bado naiweka slaidi ile ya kwanza kwenye hadubini na kuitazama, na bado ni nzuri. Je, ninyamaze Alhamisi ipite, kisha nirudie kazi polepole nirekebishe bila mtu kujua?

Mtia Rangi

*

Mtia Rangi, pole sana, na ukae vizuri nikuseme.

Nimewaruka watu kumi na mmoja waliokutangulia kwenye foleni ya barua, wataninunia, shauri yao. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitembea humo na wewe mpaka chai yangu ikapoa. Mara ya pili nilivaa miwani.

Binti yangu, kingamwili sizijui, lakini daftari nalijua. Kusahau dawa ni kosa la kazi, hata mpishi husahau chumvi. Kuandika "safi" kwenye kitu ambacho hukukifanya ni uongo, na kuwa neno moja hakuupunguzi.

Eti Mama Kioo anasahau, ni umri. Loo! Mwanamke aliyeinamia hadubini tangu wewe hujajua kusoma, asahau slaidi tupu? Hasahau huyo. Ameona kitu hakijakaa sawa, na kwa kuwa anakupenda anakubishia hodi badala ya kuvunja mlango. Kila ukisema "Safi, Mama," unamwacha nje.

Kunyamaza mpaka Alhamisi ipite? Hapana, na nisisikie tena. Leo uongo ni wako peke yako. Alhamisi utakuwa umeutia mdomoni mwake, mbele za watu, na wao wataubeba mpaka makwao. Na mwaka wa Kaka Pipeti utamrudishia na nini? Mumeo ni mtu mwema, kwenye hili aendelee na mpira.

Fanya hivi. Iweke slaidi tupu kwenye hadubini, umwite Mama Kioo, umwache atazame kwanza. Usitangulize kilio. Kisha mwambie: "Mama, hii haina kingamwili. Ile ya siku ile sikuifanya, niliandika tu." Halafu funga mdomo. Akifoka, afoke. Akinyamaza itauma zaidi, vumilia, usijaze ukimya ule kwa visingizio vya mvua. Kwenye daftari usichane ukurasa, piga mstari mmoja juu ya lile neno ili bado lisomeke, andika ukweli pembeni, tarehe na sahihi yako. Mwende pamoja kwa Kaka Pipeti siku hiyohiyo. Kisha omba urudie kazi, dawa ya kuzima ikitangulia, slaidi tupu ikiwa ya kwanza kutazamwa. Huenda protini ipo, huenda haipo. Hujui, na mtu wa kazi yako hulipwa kwa kukubali kwamba hajui.

Ule uzuri sikunyang'anyi. Uliona kitu kizuri kweli, ila ulikipa jina kabla ya kukiuliza.

La mwisho. Barua yako nimeitoa kama ilivyo, sikubadilisha hata lile jina la Mama Kioo, na nimefanya makusudi. Gazeti hili linatoka Jumatano asubuhi, na yeye, kama watu wote, hulifungua akinywa chai. Anaweza kulisikia jambo hili kwangu au kwako. Acha kusoma, inuka.

Shangazi yako