Sajini Ukutani

Akello mjukuu wangu,

Huku Luzira hatujambo. Mama yako mdogo amejifungua msichana anayelia kama king'ora.

Unasema mwalimu amechana katuni zako, na unauliza mimi nani alinifundisha. Hakuna! Nilikulia katika kambi ya polisi. Nilichukua mkaa jikoni nikamchora sajini wa kambi kwenye ukuta wa nyumba yetu, tumbo kubwa, miguu ya kuku. Siku ya ukaguzi akajiona, akaamuru ukuta upakwe chokaa. Baba akanisihi niache, nikakataa. Chokaa ilipokauka nikamchora tena, na safari hiyo tumbo likatoka vizuri zaidi. Kila alipofuta, nilichora. Bila kujua, yeye ndiye aliyekuwa akinitayarishia karatasi.

Mwalimu achane tu. Wewe chora tena, na uanze na yeye.

Bibi yako, ambaye vidole vyake bado vina mkaa.