Hema la Pili

Jumapili, 25 Januari
Viti vimerudi kutoka harusi ya Ziwa la Ng'ombe. Vyote vizima. Nimevipangusa mwenyewe huku nikiimba. Mwezi huu umetufungukia: kila wikendi hema letu la kukodisha limetoka. Lakini wateja wanne nimewakataa, maana chama chetu cha akiba kina hema moja tu. Nikiwakumbuka nasikia uchungu, utadhani nimeibiwa. Lazima tununue la pili. Mimi ndiye mwenyekiti, nitalisema.

Jumatano, 28 Januari
Nimekwenda dukani kuliona. Jeupe, lina madirisha. Muuzaji anasema vikundi viwili vimeshaliulizia na wiki ijayo bei inapanda. Nilitoka jasho. Chama cha jirani, cha kina Mama Rehema, kimeshanunua la kwao. Wivu ninao, sikatai.
Shida ni moja. Fedha iliyopo ni akiba yetu ya kiwanja, miaka minne ya kujinyima. Itarudi kabla ya Pasaka, mradi kila mwezi uwe kama huu.

Jumamosi, 31 Januari
Mafuta yamepanda. Mwenye pikapi anayetubebea viti kaongeza nauli. Sikuwa nimelifikiria hilo. Bado nalitaka hema.
Nimekwenda kumwamkia Bi Zuhura, mkubwa wetu chamani, mpishi wa pilau. Nikammwagia habari zote. Alinisikiliza mpaka mwisho.
"Mwanangu, hawa wanawahi kuoa kabla ya mfungo. Ramadhani hema utamkodishia nani?"
Nimekasirika. Tangu nitoke Taita nimeishi hapa Magogoni miaka kumi na tisa. Kwani Ramadhani siijui? Naijua. Ila sikuikumbuka hata mara moja, na hilo ndilo linaloniudhi.

Jumapili, 8 Februari
Siku ya uamuzi. Sisi huamua kwa kunyoosha mikono, na wa mwenyekiti hutangulia. Leo Bi Zuhura ameomba tuandike kwenye karatasi, bila majina. Nilikubali kwa kiburi. Wiki nzima wenzangu wote, isipokuwa yeye, walikuwa wakiniitikia.
Nikashika kalamu, nikakifikiria kiwanja. Miaka minne. Nikaandika "hapana", nikakunja upesi.
Nikafungua karatasi moja moja. Hapana. Hapana. Hapana. Kumi na moja hapana, ndiyo moja. Kumbe kila mmoja alikuwa akimwangalia mwenzake, wote wakiniangalia mimi, na mimi nikiliangalia hema la Mama Rehema. Mwenzetu Mama Kadzo alicheka mpaka kilemba kikamdondoka, sote tukafuata. Mbavu bado zinaniuma. Wote wanaamini ile ndiyo ni yangu. Wamenitania mpaka mlangoni. Sikujitetea, nilikuwa na furaha mno. Na nilishaamua kwamba ndiyo ile ni ya Mama Kadzo.

Jumanne, 3 Machi
Mfungo. Mahema yote mtaani yamekunjwa, letu na la kina Mama Rehema. Asubuhi tumepimiwa kiwanja tulichonunua kwa ile akiba. Nimekanyaga kila kona, viatu mkononi.
Bi Zuhura kanialika kufuturu. Tulipokwisha kula akaniambia ile ndiyo ilikuwa yake.
"Nilijua watakataa. Sikutaka uaibike peke yako."
Nikamwambia na mimi niliandika hapana. Akacheka bila sauti, akanisogezea sahani ya tende. Nimekula tatu. Machozi yalikuwa karibu, lakini nimekula.