Walivyonifanya Mwenyekiti wa Madaktari

Twalibu, acha kila kitu usome hapa. Nimefukuzwa ukumbini mbele ya madaktari mia mbili! Haya, kumi na mmoja.

Si unajua binti yangu Mwanvita kapewa kituo cha afya kule Turiani akiongoze, na tatizo lake ni moja: hawezi kumwamuru mfanyakazi aliyemzidi umri. Ndiyo wakamwita hapa mjini kwenye mafunzo ya uongozi wa madaktari. Leo kasahau miwani, nikampelekea.

Kuingia tu, wote: "Shikamoo!" Nikaitikia marahaba. Mvi zangu zikawatosha, wakanifanya mwenyekiti wa kikundi. Mimi, dereva mstaafu wa ambulensi! Nikakaa. Wewe ungekataa?

Nikawasimulia nilivyozalisha mapacha wanne tukishuka Uluguru, mkono mmoja uko kwenye usukani. Wakaandika, Twalibu. WAKAANDIKA! Mwanvita kajiziba uso kwa daftari.

Mkufunzi akaniuliza natibu hospitali gani. Nikasema ukweli. Akafoka, "Mwambieni mzee atupishe!"

Nani amfukuze mtu aliyempa shikamoo? Nikakunja nne. "Sitoki," nikasema, "mpaka daktari mmoja aniamuru."

Basi akasimama Mwanvita. Mwanangu! Sauti haitetemeki hata kidogo: "Baba, toka nje. Sasa hivi. Tuna kazi."

Nimetoka. Niko getini, na radhi simwombi mtu. Wale kumi warudi darasani kesho, lakini huyu mmoja wampe cheti chake leo leo.