Ile Si Dawa ya Macho

Brighton,

Nawahi chuo. Uji uko kwenye chupa ya chai, ila soma hii kwanza, maana mwenzio naogopa huku nacheka!

Asubuhi nimemkuta Bibi kaegemea kiti, jicho kalikodoa juu, anagombana na kile kichupa cha maji ya sigara yako ya umeme. "We Debora, hii dawa ya macho aliyoniahidi kaka yako ni mbovu! Kifuniko kinazunguka tu, hakifunguki!"

Nimeruka, nusura niangushe jiko. Kumbe kile kifuniko mpaka ukibonyeze ndiyo ukizungushe, na Bibi hajui. Asante Mungu hajui! Hata tone halijamgusa. Ile ni sumu, Brighton!

Nimekificha ~~juu ya kabati~~ sikwambii wapi. Na dude lenyewe la kuvutia sigara nimelichomoa kwenye chaja ya simu, lilikuwa linachemka juu ya godoro. Tumia chaja yake, tena ukiwepo. Ukisikia ladha ya kuungua, ujue utambi wake wa ndani umekaukiwa maji, acha kuvuta.

Leo pitia duka la dawa Chang'ombe, ununue dawa yenyewe, umtilie kwa mkono wako. Sijamwambia kitu. Tangu hapo anakusifu tu: "Mjukuu wangu hakunisahau."

Dada yako mwenye kiherehere