Mrija wa Baba

Jumanne

Baba ana miezi miwili bila pombe ya mnazi, na leo nilimkuta nyuma ya jiko, mrija wake wa kunywea umo mdomoni.

"Baba, umerudia?"

"Sijarudia. Nusa."

Niliunusa. Mkavu kabisa.

"Tangu niache mnazi, hamu ya sigara imenirudia, mwanangu. Na sigara niliiacha kabla hujazaliwa."

Mama alicheka jikoni. "Mwache avute hewa. Hewa haijamlevya mtu."

Mimi sikucheka. Naogopa akishindwa na sigara, mnazi utafuata.

Baadaye aliniomba nimkatie kipande cha urefu wa sigara. Niliukata mrija wote, vikatoka vipande vitano. Hakuna kitakachofika ndani ya kibuyu cha mnazi.

Baba alivitazama. Akachukua kimoja, akavuta.